Babu Alizaliwa Uganda Bila Kutoka Kisumu: Jibu kwa Mwalimu Mstaafu

Mwalimu mmoja mstaafu anayeishi nje kidogo ya mji wa Kisumu ameniandikia barua ndefu, nami naifupisha hivi. Babu yake mzaa baba, aliyefariki mwaka 1979 akiwa mzee wa kukongoja, alishikilia maisha yake yote kwamba alizaliwa Uganda. Tena alikuwa akieleza kwamba garimoshi lilipofika Kisumu kwa mara ya kwanza, yeye alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi, na kwamba waliziacha mbuzi zikaingia shambani mwa mtu kwa sababu ya kukimbilia kuliona. Lakini kaburi la baba wa huyo mzee liko palepale kwenye boma la ukoo, na hakuna anayekumbuka ukoo huo kuhama. Juzi, kwenye matanga, binamu wa Mwalimu alisimama akasema mzee hakukosea hata kidogo: kwamba nchi yote kutoka ziwani hadi Naivasha ni ya Uganda, ilikodishwa kwa Kenya kwa miaka 99, na kwamba muda huo umeshapita. Watu wakagawanyika, wengine wakacheka, wengine wakaingiwa na hofu. Mwalimu anauliza: nani msema kweli? Na je, iko siku tutakuja kudaiwa?

Mwalimu, kwanza pole kwa msiba. Pili, nikujibu kwa ufupi kabla sijaeleza. Hapo ulipo palikuwa Uganda, kiserikali, hadi tarehe 1 Aprili 1902. Babu yako alikuwa anazungumza juu ya jambo la kweli. Hakuna aliyekodisha chochote, wala hakuna deni. Binamu yako ameokota nyuzi tatu za kweli, kila moja kutoka mahali pake, akazisuka ukili mmoja. Nitazifumua moja moja, lakini niruhusu nianze mbali kidogo.

Anza na jina lenyewe. Wenye nchi ile huiita Buganda. Ni misafara ya Waswahili kutoka pwani iliyoita Uganda, kama ilivyoita Unyamwezi, Ugogo na Usukuma, na Waingereza waliofuata njia za misafara hiyo wakalichukua jina jinsi walivyolisikia kinywani mwa wapagazi na wakalimani. Msafara ukitoka Mombasa ukavuka Bonde la Ufa, kituo kikubwa cha mwisho kabla ya Busoga kilikuwa kwa mfalme wa Wawanga. Wapagazi walipaita Kwa Sundu, kwa jina la Nabongo Shiundu, kisha Kwa Mumia alipotawala mwanawe. Leo ni mji wa Mumias. Kwa hiyo machoni mwa mtu wa pwani, hata kabla ya Mwingereza, pande zetu hizi zilikuwa njia ya kwenda Uganda. Askofu James Hannington alipita hapo mwaka 1885 akielekea Busoga, na huko ndiko alikouawa.

Mwaka 1894 Waingereza walitangaza Himaya ya Uganda, yaani nchi iliyowekwa chini ya ulinzi wao bila kufanywa koloni. Mwaka uliofuata, 1895, wakatangaza nyingine, Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo ndiyo mama wa Kenya. Zilikuwa himaya mbili zenye makamishna wawili, zote zikiripoti kwa wizara moja London. Hapo katikati mpaka uliwekwa wapi? Watu wengi hudhani ulikuwa Busia. Haukuwa hivyo. Himaya ya Uganda ilipanuliwa kuja mashariki, na kufikia 1896 mpaka wake ulikuwa upande wa mashariki wa Bonde la Ufa, Naivasha ikiwa ndani. Nakuru ilikuwa Uganda. Eldama Ravine, ambayo ilikuwa kituo kikubwa cha serikali siku hizo, ilikuwa Uganda. Nandi, Uasin Gishu, Kavirondo yote, yaani nchi ya Wajaluo na ya Waluhya kama walivyoiita wakati huo, ilikuwa Uganda. Sehemu hii iliitwa Jimbo la Mashariki la Uganda. Usilichanganye na mashariki ya Uganda ya leo yenye Jinja, Mbale na Soroti. Jimbo la Mashariki la wakati ule ndilo hili tunaloishi sisi.

Hii haikuwa mistari ya ramani tu. Mwaka 1895 C. W. Hobley alitumwa Mumias kuwa mwakilishi wa serikali, na serikali iliyomtuma ilikuwa ya Uganda. Mwaka huohuo ilipopiganwa vita ya Chetambe juu ya kilima kile cha Webuye, Wabukusu wakiwa ndani ya boma lao, jeshi lililowavamia lilikuwa la serikali ya Uganda: askari Wasudani, wapiganaji Waganda, na watu wa Mumia wakiwa upande wao. Ukimsikiliza mzee wa Bungoma akisimulia Chetambe, utaona hasemi kuwa walipigwa na Kenya. Kenya haikuwepo. Nami nimeona wanafunzi wa chuo wakishangaa kabisa wakielezwa hivyo, kwa sababu vitabu vya shule vimewazoesha kuhesabu Chetambe kama ukurasa wa historia ya Kenya tangu mwanzo.

Sasa reli. Ilianzwa Mombasa mwaka 1896, na ikaitwa Reli ya Uganda kwa sababu huko ndiko ilikokusudiwa kufika. Upimaji wa kwanza kabisa ulilenga Port Victoria, kule Bunyala karibu na mdomo wa Mto Sio. Baadaye wakabadili, wakakata juu ya Mau na kuteremka hadi ghuba ya Kisumu, maana njia hiyo ilikuwa fupi. Ilifika Nairobi 1899, Nakuru 1900, na Desemba 1901 Florence Preston, mke wa mhandisi Ronald Preston, akapigilia msumari wa mwisho hapa ziwani. Kituo kikaitwa Port Florence kwa heshima yake, jina ambalo halikudumu. Kisumu likarudi, neno la Wajaluo linalohusu mahali pa kwenda kubadilishana chakula. Zaidi ya vibarua 30,000 kutoka India waliletwa kufanya kazi hiyo, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Kodi ya raia wa Uingereza ilitumika kiasi cha pauni milioni tano na nusu.

Shikilia tarehe hizi mbili, Mwalimu: reli Kisumu, Desemba 1901. Mpaka kusogezwa, 1 Aprili 1902. Ni miezi mitatu na siku chache. Reli ya Uganda ilifika Uganda, na rangi ya mabehewa haijachakaa Uganda ikasogezwa mbele, ng'ambo ya mito. Kuanzia siku hiyo Reli ya Uganda haikuwa na hata taruma moja ndani ya Uganda. Jimbo lote la Mashariki likakabidhiwa Himaya ya Afrika Mashariki, likagawanywa kuwa mikoa miwili, Naivasha na Kisumu, na huu wa Kisumu ukaja kuitwa Nyanza mwaka 1909.

Kwa nini? Hapa ndipo pananiuma, na nitakaa kidogo.

Sababu iliyoandikwa ni kwamba reli moja haifai kuwa chini ya serikali mbili. Ukiwa na stesheni, polisi, mahakama na ushuru wa himaya mbili tofauti juu ya njia moja, kazi inakuwa ngumu. Hilo lina maana, silipingi. Sir Harry Johnston, aliyekuwa Uganda kama kamishna maalumu kati ya 1899 na 1901, alipendelea himaya hizi ziunganishwe kabisa. Badala ya kuziunganisha, London ikahamisha jimbo. Na kwa kuwa himaya zote mbili zilikuwa chini ya wizara ileile ya mambo ya nje hadi mwaka 1905, jambo lenyewe kwao lilikuwa jepesi kama kutoa faili kwenye kabati hili na kuliweka kwenye kabati lile. Hakukuwa na mkataba kati ya nchi mbili. Kulikuwa na amri moja ya mwenye himaya zote mbili.

Lakini iko sababu ya pili, nayo ndiyo iliyobadilisha maisha ya watu. Reli ilikuwa imekula fedha nyingi, na haikuwa na mizigo ya kutosha kuzirudisha. Sir Charles Eliot, kamishna wa Himaya ya Afrika Mashariki, alikuwa ameamua dawa yake ni walowezi: Wazungu waletwe, wapewe ardhi ya nyanda za juu, walime, wapakie mazao kwenye garimoshi. Sasa tazama nyanda zenyewe zilikuwa wapi. Naivasha, Nakuru, Njoro, Molo, Uasin Gishu, zote zilikuwa ndani ya lile Jimbo la Mashariki la Uganda. Ziliposogezwa kwa Eliot, zikaingia mkononi mwa mtu aliyekuwa tayari na mpango. Mwaka huohuo wa 1902 ikatoka sheria ya ardhi iliyompa kamishna uwezo wa kuuza ardhi au kuikodisha kwa miaka 99. Lord Delamere akapata ekari 100,000 Njoro kwa mkataba wa namna hiyo. Mwaka 1904 Wamaasai waliokuwa wakichunga Naivasha na Nakuru walitiwa katika makubaliano yaliyowahamishia Laikipia, wakaahidiwa kwamba hawatasumbuliwa tena maadamu Wamaasai wako duniani. Ahadi hiyo haikumaliza miaka minane. Makubaliano mengine ya 1911 yakawatoa Laikipia pia. Wanandi walipigana hadi 19 Oktoba 1905, siku kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa kwa hila katika mkutano ulioitwa wa amani, na aliyemuua alikuwa Richard Meinertzhagen, afisa wa jeshi la Waingereza. Ardhi yao ikamegwa baada ya hapo.

Mtu akinikumbusha kwamba Uganda nayo ilikuwa chini ya ukoloni uleule, nitakubali. Siambii mtu kwamba tungebaki Uganda tungeishi peponi. Ninachosema ni kwamba watu waliolala tarehe 31 Machi 1902 na kuamka tarehe 1 Aprili hawakuulizwa, hawakuambiwa, na wengi wao walikufa bila kujua kwamba siku ile kuna kitu kilitendeka juu ya vichwa vyao. Na kitu hicho ndicho kilichoamua nani atafukuzwa Njoro na nani atabeba kipande, yaani kitambulisho cha kibarua, shingoni. Babu yako alijua. Ndiyo maana nataka neno lake liheshimiwe.

Tazama mkorogano uliofuata. Mwaka 1903 waziri wa makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, alizungumza na kiongozi wa Wazayuni Theodor Herzl juu ya kuwapa Wayahudi nchi huku kwetu. Dunia nzima hadi leo huuita mpango wa Uganda. Lakini ardhi yenyewe ilikuwa ni Uasin Gishu, pale Eldoret ya leo. Ilikuwa mwaka mmoja tu tangu kusogezwa mpaka, na jina la zamani bado lilikuwa limeng'ang'ania udongo. Wajumbe wao walikuja kuikagua, na mkutano wao wa 1905 ukaukataa mpango. Kwa hiyo ukimsikia mtu akisema Wayahudi walitaka kupewa Uganda, ujue wanatajiwa Eldoret.

Basi turudi kwa babu yako, kwa sababu swali lako lilikuwa juu yake wala si juu ya makamishna.

Umesema alikuwa akichunga mbuzi garimoshi lilipofika. Hiyo ni tarehe nzuri kuliko cheti. Mtoto wa Kijaluo hupewa mbuzi kabla ya kupewa ng'ombe. Tuseme alikuwa na miaka sita hadi kumi na miwili mnamo Desemba 1901. Basi alizaliwa kati ya 1889 na 1895. Jiulize kama kuna tukio lingine alilokuwa akilitaja. Je, alisema mama yake alimzaa wakati ng'ombe wamekwisha kwa sotoka? Sotoka ilifagia mifugo ya Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890. Je, alikumbuka watu wa kando ya ziwa wakifa kwa malale? Huo ni mwanzo wa miaka ya 1900, naye angekuwa kijana tayari. Ukipata mawili ya namna hiyo utamweka ndani ya miaka miwili au mitatu.

Na hapo utaona jambo ambalo huenda halikukupitia akilini. Ikiwa alizaliwa 1890, hakuzaliwa Uganda wala Kenya. Alizaliwa katika nchi ya watu wake, chini ya wazee wake, kampuni moja ya Kiingereza ikiwa na hati ya kifalme ya kusimamia biashara katika eneo ambalo halijawahi kumwona mtu wake hata mmoja pale bomani. Uganda ilimkuta akitambaa au akitembea. Ilimkuta, kisha ikaondoka, akiwa bado mtoto. Kama alizaliwa 1896 au baadaye, basi alizaliwa Uganda kwa maana kamili ya neno.

Mbona basi alisisitiza hivyo, mzee ambaye Uganda ilimtoka akiwa bado mtoto? Nimewauliza wazee wengi jambo hili, na jibu lilinijia siku moja kule Seme. Mzee niliyekuwa nikizungumza naye, ambaye kwa hesabu yangu alizaliwa karibu 1908, naye aliniambia alizaliwa Uganda. Nikamwambia kwa adabu kwamba mwaka huo mpaka ulikuwa umeshahama. Hakubishana. Aliingia ndani akatoka na mfuko wa plastiki, ndani yake gazeti la zamani lililokunjwa, na ndani ya gazeti kadi ya ubatizo. Wino ulikuwa umefifia ukawa rangi ya chai. Alibatizwa kijana, kabla ya 1921, na dayosisi iliyoandikwa juu ilikuwa Uganda.

Kanisa halikuhama na serikali. Shule ya Maseno, iliyoanzishwa na wamishonari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, mwaka 1906, ilikuwa chini ya dayosisi ya Uganda. J. J. Willis, aliyeanza kazi Maseno, ndiye aliyekuja kuwa askofu wa Uganda mwaka 1912. Nyanza haikukabidhiwa dayosisi ya Mombasa hadi 1921. Kwa Wakatoliki ni vivyo hivyo: mapadri wa Mill Hill waliohudumu huku walikuwa chini ya Uganda hadi Kavirondo ilipopewa mamlaka yake ya kanisa mwaka 1925. Reli nayo iliendelea kuitwa Reli ya Uganda hadi miaka ya 1920. Sasa chukua kijana aliyesoma Maseno, akabatizwa na askofu wa Uganda, akaajiriwa kwenye Reli ya Uganda. Utamwambia nini kuhusu Himaya ya Afrika Mashariki? Alikutana nayo tu siku ya kulipa kodi.

Tena jina Kenya kama nchi lilikuja 1920, pale himaya ilipogeuzwa kuwa koloni. Watu wa huku walilisikia jina hilo likija pamoja na kipande, kodi iliyopandishwa na hofu ya kunyang'anywa ardhi. Desemba 1921 walikutana Lundha, huko Gem, wakaanzisha chama walichokiita Young Kavirondo Association, na wananchi wakakiita Piny Owacho, nchi imesema. Miongoni mwa madai yao ni kwamba nchi irudishwe kuwa himaya, isiwe koloni. Gavana Northey alilazimika kuja kuwasikiliza Nyahera mwaka 1922. Kijana wa miaka thelathini aliyesimama kwenye umati ule alikuwa ameishi chini ya majina matatu ya nchi bila kuhamisha jiko.

Sasa binamu yako.

Uzi wake wa kwanza ni kwamba mpaka ulifika hadi Naivasha. Ni kweli, nimeshaueleza. Uzi wa pili ni miaka 99. Huo nao ni wa kweli, lakini hauhusu Uganda na Kenya. Ni muda wa mikataba ya ardhi ya walowezi chini ya sheria ya 1902, ambayo sheria ya 1915 iliurefusha hadi miaka 999. Uzi wa tatu ni kukodisha nchi. Huo umetoka pwani. Ukanda wa maili kumi wa mwambao, Mombasa ikiwemo, ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, na Uingereza ilimlipa kila mwaka kwa kuusimamia. Mkataba huo ulimalizwa Oktoba 1963, wiki chache kabla ya uhuru, kwa makubaliano kati ya Zanzibar, Kenya na Uingereza, na ukanda ukawa wa Kenya moja kwa moja. Nadhani mambo haya matatu yamekutana masikioni mwa watu kwa miaka mingi, sokoni, kwenye matatu, matangani, hadi yakawa habari moja. Simlaumu binamu yako. Mtu akinyimwa historia yake shuleni huiokota njiani vipande vipande.

Aliyefanya habari hiyo iwe hatari ni Idi Amin. Februari 1976 alitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya, hadi kilomita chache kutoka Nairobi, ilikuwa ya Uganda na ilitolewa na Waingereza. Kuhusu tarehe hakukosea. Kuhusu haki alikosea kabisa. Wanafunzi waliandamana Nairobi, Mzee Kenyatta akakataa katakata, bidhaa za Uganda zikasusiwa bandarini Mombasa, na Amin, ambaye petroli yake yote ilipita Kenya, akarudi nyuma. Wewe ulikuwa mtu mzima, utakumbuka vile watu wa Busia na Malaba walivyokuwa wakilala na mizigo imefungwa.

Kisheria jambo lilikuwa limeshafungwa. Julai 1964, huko Cairo, viongozi wa nchi huru za Afrika walikubaliana kwamba kila nchi itaheshimu mipaka iliyorithi siku ya uhuru. Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, Kenya tarehe 12 Desemba 1963, na siku hizo zote mbili mpaka ulikuwa Mto Sio, Mto Malaba, Mto Lwakhakha, hadi kileleni Mlima Elgon. Hakuna hati ya kukodisha iliyofichwa popote, kwa sababu hakukuwa na wawili wa kukodishana. Ugomvi wa kisiwa cha Migingo uliotutia joto tangu 2009 ni jambo jingine; ule ni wa mstari ndani ya maji na wa samaki aina ya mbuta, hauhusiani na 1902. Kwa hiyo hapana, Mwalimu, hutadaiwa.

Lakini sitaki umalize ukidhani kwamba kwa vile sheria imefunga, basi habari ya babu ni ya kuchekwa. Miaka michache iliyopita nilipeleka wanafunzi Mto Sio, wakati wa kiangazi, mahali ambapo maji hufika magotini. Mama mmoja alikuwa akivuka kutoka Uganda, beseni la muhogo kichwani, viatu mkononi. Alitusalimu kwa Kisamia. Mwanafunzi wangu mmoja, kwa bidii ya ujana, akamuuliza ametoka nchi gani. Mama alishusha beseni, akamtazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake mzazi. "Nimetoka kwa dada yangu," akasema. Kisha akaonyesha miti kwa kidole: pale kwake, pale kwa dada. Ilikuwa mwendo wa kuitana kwa sauti. Wasamia, Wateso, na Wabukusu na ndugu zao Wagisu wa Uganda wote walikatwa na mstari ule wa 1902, na hakuna aliyewaeleza kwamba umewekwa ili hesabu za reli ziwe nyepesi.

Na reli yenyewe haikuwa na uaminifu kwetu pia. Miaka ya 1920 njia kuu iligeuzwa Nakuru ikapanda Eldoret, ikaingia Uganda kwa Malaba, na mwaka 1931 ikafika Kampala. Kisumu, iliyohamishwa nchi kwa ajili ya reli, ikawa tawi la pembeni.

Unachoweza kufanya sasa ni hiki. Umesema vitu vya mzee viliwekwa kwenye sanduku la bati kwa shangazi yako. Mwombe alifungue, mkiwa wote, na binamu yako awepo. Tafuta kadi ya ubatizo, stakabadhi ya kodi, kipande, barua yoyote ya reli. Ukiona dayosisi ya Uganda, nakili tarehe. Muulize shangazi kama mzee alitaja sotoka au malale. Kisha niandikie tena, nami nitakusaidia kumtafutia mwaka wake.